Shahidi Yuko Nusu ya Chini ya Cheti

Wazee wangu, dada zangu, kaka zangu, asanteni kwa kuja, na asanteni kwa kunipa nafasi hii.

Karatasi niliyoishika ni nakala ya cheti cha kuzaliwa cha bibi yake mume wangu. Alizaliwa Mississippi mwaka 1888. Cheti kimeandikwa mwaka 1953. Mtoto huyu basi aliandikishwa akiwa na umri wa miaka 65, mjane, mwenye wajukuu, na miguu iliyochoka kwa kusimama miaka nenda miaka rudi kwenye majiko ya watu huko Chicago. Vyeti vya namna hii, vya usajili uliochelewa, ni vingi sana katika nchi hii tunayoishi, na ndivyo nilivyoombwa nivizungumzie leo.

Wengi wetu humu ndani tumeoa au tumeolewa Marekani. Mtoto akiuliza habari za upande wetu, tunampigia simu shangazi au babu mdogo, na simu haijakatwa ameshatajiwa watu wa vizazi vitano. Akiuliza upande wa pili, hasa kama ni wa Wamarekani Weusi waliotoka majimbo ya Kusini, mara nyingi habari zinakatikia kwa bibi. Bibi alitoka Mississippi. Bibi alikuja na treni. Basi. Mtoto anabaki na ukoo wenye mguu mmoja, na mimi nimeona jinsi jambo hilo linavyowauma, hata wale wasiosema.

Kwanza tuelewane kwa nini mtu mzima aandikishwe kama mtoto mchanga. Marekani haikuwa na daftari moja la taifa la kuandikisha vizazi. Kila jimbo lilikuwa na sheria yake. Massachusetts ilianza kukusanya kumbukumbu za jimbo zima miaka ya 1840, lakini Mississippi haikuanza mpaka mwaka 1912. Serikali kuu ilipoanza kujumlisha takwimu za vizazi mwaka 1915, ilipokea majimbo 10 tu pamoja na mji mkuu, kwa sababu ilitaka majimbo yenye uhakika kwamba vizazi 9 katika kila 10 vinaandikwa. Ilichukua mpaka mwaka 1933 ndipo majimbo yote yakaingia, na Texas ndiyo iliyofunga mlango. Sasa fikirini mwanamke aliyezaliwa 1888 kwenye kibanda kando ya shamba la pamba, mikononi mwa mkunga wa jadi, hakuna daktari, hakuna karani. Nani angemwandika, na angemwandika wapi?

Na kwa miaka mingi halikuwa tatizo. Hakuna aliyemuuliza. Kisha tarehe 14 Agosti 1935 Rais Roosevelt akatia saini sheria ya Hifadhi ya Jamii, na pensheni ikafungwa kwenye umri wa miaka 65. Hapo ndipo nchi nzima ikaanza kuulizwa swali moja: una miaka mingapi, na nani anathibitisha? Haijapita miaka mingi ikaja vita. Viwanda vya ndege na silaha vilitaka mfanyakazi athibitishe kwamba ni raia, na njia ya mkato ya kuthibitisha uraia ilikuwa kuonyesha umezaliwa hapa. Ofisi za majimbo zikazidiwa na maombi. Watu wazima wa miaka 30, 40, 60 wakapanga foleni kutafuta karatasi za kuzaliwa kwao.

Lakini cheti chetu ni cha 1953, vita vimeshakwisha. Hili lilinisumbua muda mrefu mpaka nilipoisoma vizuri historia ya sheria yenyewe. Ile sheria ya 1935 iliwaacha nje wafanyakazi wa mashambani na watumishi wa majumbani. Weusi wengi mno, hasa wanawake, walikuwa ndani ya makundi hayo mawili. Walipika, walifua, walilea watoto wa watu, walichuma pamba, na sheria ikapita juu ya vichwa vyao. Marekebisho ya 1950 ndiyo yaliyoanza kuwaingiza wale wenye kazi ya kudumu, na mwaka 1954 mlango ukapanuliwa zaidi. Bibi alikuwa mpishi wa majumbani. Alifikisha miaka 65 mwaka 1953, na mwaka huo huo akaomba cheti. Hata tarehe ya muhuri, ambayo watu huipita bila kuitazama, inakueleza mtu alikuwa anafanya kazi gani na nchi ilikuwa inamhesabu vipi. Ukiona cheti cha 1942, fikiria kiwanda. Ukiona cha mwishoni mwa miaka ya 1930, fikiria pensheni au msaada wa wazee. Ukiona cha baada ya 1950 cha mama aliyefanya kazi za ndani, fikiria alichonyimwa miaka yote ile.

Sasa niwaonyeshe karatasi yenyewe. Ina nusu mbili. Nusu ya juu ina jina, tarehe ya kuzaliwa, kaunti, jina la baba, jina la mama, na chini yake kiapo cha mwombaji mbele ya ofisa wa viapo. Yote hayo ni madai. Bibi mwenyewe ndiye anayesema, tena anasema habari za siku ambayo hakuna binadamu anayeikumbuka, siku yake ya kuzaliwa. Nusu ya chini ina jedwali dogo lenye mistari mitatu. Hapo karani wa jimbo ameorodhesha alichoonyeshwa: ni hati gani, iliandikwa lini, na inasema nini kuhusu umri, mahali na wazazi. Majimbo yalitofautiana, lakini kwa kawaida walitaka hati zaidi ya moja, na walipendelea zilizoandikwa zamani, kabla mtu hajawa na sababu ya kutaka cheti.

Mimi mara ya kwanza nilinakili nusu ya juu peke yake. Nilikaa na mama mkwe wangu mezani, nikaandika jina, tarehe, majina ya wazazi, nikamrudishia karatasi yake akaikunja akaitia kwenye Biblia. Ilikuwa mwaka 1992. Miaka miwili nzima nikatafuta ukoo wa lile jina la baba lililoandikwa juu, katika kaunti ile ile, na sikupata mtu hata mmoja anayelingana. Nilishaanza kumwambia mume wangu kwamba njia imefungwa. Siku moja mama mkwe akaniuliza, kwa sauti ya upole, “Hizi hati tatu zilizoandikwa huku chini umezitafuta?” Nikaona aibu, maana nilikuwa sijazisoma.

Mstari wa kwanza ulikuwa dondoo la sensa ya 1900. Watu wengi hawajui kwamba ofisi ya sensa ilikuwa inapekua madaftari yake na kumpa mtu barua rasmi ya umri wake kama ulivyoandikwa alipokuwa mtoto. Sensa ya 1900 ilipendwa kwa kazi hii kwa sababu iliandika mwezi na mwaka wa kuzaliwa wa kila mtu. (Ile ya 1890 ingefaa zaidi kwa bibi, lakini madaftari yake karibu yote yaliharibika katika moto wa Januari 1921 pale Washington. Kila nikikumbuka moto ule roho inaniuma.) Mstari wa pili ulikuwa bima ya maisha ya mwaka 1924. Mstari wa tatu ulisema: hati ya kiapo ya dada, umri miaka 75, mkazi wa kaunti ile ile aliyozaliwa bibi.

Dada! Hakuna mtu katika nyumba ya mume wangu aliyewahi kusikia kwamba bibi alikuwa na dada aliyebaki Mississippi.

Tukaandika kwenye masijala ya jimbo tukaomba faili zima la maombi. Hatukuomba cheti, tuliomba faili na viambatisho vyake. Baadhi ya majimbo waliyatunza, baadhi waliyatupa au wakayarudisha kwa wenyewe. Sisi tulibahatika. Kiapo cha dada kilikuwemo, ukurasa mmoja uliopigwa chapa, na mahali pa saini pana alama ya msalaba, kando yake pameandikwa kwamba hiyo ni alama yake. Hakujua kuandika. Lakini alijua alichokiona. Alisema alikuwa na miaka 10, kwamba ilikuwa majira ya kupanda pamba, kwamba yeye ndiye aliyetumwa usiku kumwita mkunga, na kwamba baba yao alifariki mtoto akiwa bado ananyonya. Kisha akataja jina la huyo baba. Halikuwa lile la nusu ya juu. Jina la nusu ya juu lilikuwa la baba wa kambo, mwanamume aliyemlea bibi na ambaye bibi alimjua kuwa ndiye baba yake. Bibi hakudanganya alipokula kiapo. Alimtaja aliyemlea. Na mimi nikapoteza miaka miwili kwa sababu nilisikiliza kiapo kimoja nikaacha cha pili.

Kwa jina hilo jipya nikaenda kwenye sensa ya 1880. Mwaka 1994 ilikuwa ni filamu ndogo unazungusha kwa mkono mpaka macho yanatoka machozi. Ila sensa hiyo ilikuwa na faharasa iliyopanga majina kwa sauti badala ya herufi, iitwayo Soundex, na faharasa ile haikuhusisha watu wote. Ilihusisha kaya zenye watoto wa miaka 10 kushuka chini tu. Kwa nini? Kwa sababu ilitengenezwa miaka ya 1930 ili kuwasaidia watu waliohitaji kuthibitisha umri kwa ajili ya pensheni, na hao ndio waliokuwa watoto wadogo mwaka 1880. Haja ile ile iliyozaa cheti cha bibi ndiyo iliyozaa faharasa niliyoitumia. Bibi mwenyewe alikuwa hajazaliwa, lakini dada yake alikuwepo. Nilimkuta. Umri miaka 2. Baba yake, mama yake, na chini yao mwanamke wa miaka 61 aliyeandikwa kuwa ni mama wa mkuu wa kaya, mzaliwa wa Virginia.

Sensa ya 1880 ndiyo ya kwanza kuandika uhusiano wa kila mtu na mkuu wa kaya, ndiyo maana niliweza kujua ni mama. Na mtu Mweusi aliyezaliwa Virginia karibu mwaka 1819 akakutwa uzeeni Mississippi, mnajua alifikaje. Kati ya 1790 na 1860 watumwa takriban milioni moja walihamishwa kutoka majimbo ya sehemu ya juu ya Kusini, kama Virginia, kupelekwa kwenye mashamba ya pamba, wengi wao kwa kuuzwa. Jina lake lilikuwa lile lile ambalo mama mkwe wangu alipewa kama jina la pili. Mama mkwe hakuwahi kujua alirithi kwa nani. Aliweka kidole juu ya mstari ule kwenye nakala, akakaa kimya, na mimi sikutia neno.

Sasa turudi kwenye tarehe, kwa sababu kuna mtu ataniuliza. Nusu ya juu inasema 10 Aprili 1888. Sensa ya 1900 inasema Mei 1889. Bima ya 1924 inaafiki 1888. Mtu wa haraka atasema mashahidi wawili dhidi ya mmoja, yamekwisha. Hapana. Jiulizeni, mwaka 1924 kampuni ya bima iliambiwa umri na nani? Na bibi mwenyewe. Kwa hiyo bima na kiapo chake ni shahidi yule yule aliyekuja mara mbili kavaa nguo tofauti. Sensa nayo, karani alisimama mlangoni akajibiwa na yeyote aliyekuwepo, labda mama, labda baba wa kambo ambaye hata hakuwepo siku ya kuzaliwa, labda jirani. Aliyebaki ni dada. Yeye alisema alikuwa na miaka 10, na daftari la 1880, lililoandikwa kabla bibi hajazaliwa na kabla mtu yeyote hajawazia pensheni hii, linamwonyesha akiwa na miaka 2. Miaka 2 mwaka 1880 ni miaka 10 mwaka 1888. Aprili na Mei zote ni majira ya kupanda pamba Mississippi. Kwenye mti wa ukoo wetu nimeandika 1888, na siku yenyewe nimeiandikia “kwa maelezo yake mwenyewe.” Nimeridhika hapo.

Namna hiyo ya kuhoji kila hati, itumieni kwa cheti chochote. Ikiwa imetajwa Biblia ya familia, itafuteni Biblia yenyewe mtazame mwaka ilipochapwa. Biblia iliyochapwa 1910 haiwezi kuwa na vizazi vya 1885 vilivyoandikwa siku vilipotokea. Na kama majina yote ya watoto wanane yameandikwa kwa mkono mmoja na wino mmoja, ujue mtu alikaa siku moja akayanakili, pengine kwa kukumbuka. Daftari la ubatizo lililoandikwa mtoto akiwa na miezi miwili lina uzito mkubwa kuliko vyote hivi, na linakupa wasimamizi wa ubatizo, ambao mara nyingi ni ndugu. Rekodi ya shule nayo msiidharau. Mzazi aliyempeleka mtoto shuleni hakuwa na sababu ya kufikiria pensheni ya mwaka 1940.

Sababu, nasisitiza hilo. Mtu anayetaka pensheni anaweza kujiongeza mwaka, na anayetaka kazi anaweza kujipunguza. Baada ya tetemeko na moto wa San Francisco wa Aprili 1906 kuteketeza kumbukumbu za mji, Wachina kadhaa waliweza kudai kwamba walizaliwa pale, kwa sababu sheria ya wakati ule iliwafungia mlango kwa ukabila wao. Siwahukumu hata kidogo. Ila mtafiti lazima ajiulize karatasi ilikuwa inatafuta nini, ndipo ajue aiamini wapi.

Namna ya kuvipata. Tafuteni katika jimbo alikozaliwa mtu, hata kama aliishi na kufia kwingine. Bibi aliishi Chicago zaidi ya nusu ya maisha yake, na cheti chake kiko Mississippi. Huko huko Mississippi msitazame daftari la kawaida la vizazi peke yake. Usajili uliochelewa mara nyingi una daftari lake na faharasa yake, na mahali pengine umepangwa kwa mwaka wa kuombwa badala ya mwaka wa kuzaliwa. Kama nisingejua, ningefungua 1888 nikakuta patupu nikarudi nyumbani. Baadhi ya majimbo walipitishia mahakamani: Ohio, kwa mfano, tangu miaka ya 1940 maombi hayo yalikwenda kwenye mahakama ya mirathi ya kaunti. Texas pia utakutana na vitabu vya namna hiyo kwenye kaunti. Kwa hiyo uliza jimbo, kisha uliza kaunti, na usikubali jibu la “hatuna” kutoka dirisha moja.

Mkiandika barua au mkijaza fomu, semeni wazi mnataka nakala kamili, picha ya karatasi yenyewe. Mkiacha wazi watawapa muhtasari uliochapwa upya wenye jina, tarehe na mahali, na ile nusu ya chini hamtaiona. Ulizeni pia kama viambatisho vilitunzwa. Kila jimbo lina masharti yake ya nani aruhusiwe kuona na baada ya miaka mingapi, kwa hiyo mara nyingi anayepaswa kuomba ni mtoto au mjukuu wa damu. Mimi mkwe nilikataliwa. Mama mkwe akaomba, akapewa.

Na jambo moja kwa walio na wazee wangali hai. Vyeti vingi haviko masijala tu, viko ndani ya nyumba: kwenye kopo la biskuti, chini ya godoro, ndani ya Biblia. Mwenyewe alivilipia kwa jasho na akavitunza kwa sababu vilimpa haki yake. Msiingie navyo kwenye mitandao kabla hajakubali. Kaeni naye, mumsomee kila jina lililo kwenye jedwali la chini, mmuulize: huyu ni nani kwenu, alikuwa anaishi wapi, mlionana mara ya mwisho lini? Majina yale ni ya watu waliokubali kula kiapo kwa ajili yake. Alikuwa na sababu ya kuwaendea wao na kuwaacha wengine.

Wajukuu wa yule dada tuliwapata mwaka 1996, kaunti ile ile, kupitia jina la ukoo la mume wake lililokuwa kwenye kiapo. Walikuwa wanajua kwamba bibi yao alikuwa na mdogo wake aliyekwenda Kaskazini. Walikuwa na picha yake moja, ya msichana aliyevaa gauni jeupe, na nyuma ya picha hapakuwa na jina.

Mkutano wetu ujao nitakuja na nakala chache za vyeti vya majimbo tofauti ili tuzisome pamoja. Mwenye cha kwao aje nacho, na tafadhali kije kizima, juu na chini.